Aliyefanya Mtihani wa Biolojia

Mpango ulikuwa wangu. Niliuchora nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati, tukiwa tumekaa kitandani kwa Kampamba, juma letu la kwanza chuoni. Juu niliandika hisabati, fizikia na kemia, kwa sababu hayo hayakwepeki: anayetaka udaktari anayahitaji, na anayetaka uhandisi anayahitaji. Chini yake nikachora njia mbili. Ya udaktari ilipita kwenye biolojia. Ya uhandisi ilipita kwenye uchoraji wa kiufundi.

Chuoni kwetu hakuna anayeingia udaktari au uhandisi moja kwa moja kutoka sekondari. Wote huanzia sayansi, kila mtu na masomo yake manne, na mwisho wa mwaka wenye alama za juu huchaguliwa. Ukiacha biolojia, udaktari umeuaga. Ukiacha uchoraji, uhandisi umeuaga. Lakini nilisoma kanuni zote na sikuona mahali palipokataza kuchukua matano.

"Matano," nikamwambia. "Milango yote miwili inabaki wazi mpaka siku ya kuchagua."

"Na nikifeli moja?"

"Umefeli mwaka, inafungwa yote miwili. Kwa hiyo usifeli."

Kampamba akacheka. "Mla panya wewe. Una huruma ya fisi."

"Na wewe mla nyani soma vizuri, usije ukampasua babu yako maabara."

Mimi ni Mngoni, yeye ni Mbemba, na baina yetu na wao kuna utani wa tangu vita vya mababu. Mtani humwambii "shika adabu." Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya chifu, nawe ukikasirika unatozwa kuku. Siku tuliyopangiwa chumba kimoja alitandika godoro lake kwanza, akaniambia Wangoni wamezoea kulala chini kama walivyolala Wabemba walipowapiga. Toka hapo tukawa ndugu.

Sababu ya milango miwili alikuwa mjomba wake, Kabaso. Huyo ni kaka wa mama yake, na kwa Wabemba mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Kabaso alikuwa fundi mkuu wa lifti ya mgodini Luanshya, ile inayoshusha watu chini ya ardhi asubuhi na kuwapandisha jioni. Alitaka mpwa wake awe mhandisi, kile ambacho yeye mwenyewe hakukipata. Kampamba alitaka udaktari. Alianza kuutaka siku alizokuwa akimsindikiza mjomba wake zahanati na kifua chake, akisimama nyuma ya pazia, akisikia mganga msaidizi akisema, "Rudi mwezi ujao."

"Mwambie tu," nilimshauri.

"Humjui. Mjomba hagombi. Anakutazama, anakuuliza, 'Nani amekuruhusu?' Basi. Unajikuta umeomba msamaha."

Ndiyo maana aliupenda mpango wangu. Ulikuwa namna ya kusema hapana bila kufungua mdomo.

Wanafunzi waliotutangulia walipousikia walitikisa vichwa. Mmoja, mtu wa Kasama aliyekuwa anarudia mwaka, alituita wabeba jeneza.

"Jeneza linabebwa na wanne," alisema. "Nyinyi mna masomo matano. Wa tano ni nani?"

"Ni nani?" Kampamba akauliza.

"Yumo ndani, bwana."

Tulicheka wote. Alikuwa anachekesha, yule.

Nusu ya kwanza ya mwaka ilikwenda kama nilivyoichora. Asubuhi maabara, mchana meza ya kuchorea, na kati yake ugali wa nshima na dagaa wa kapenta tukila huku tumesimama. Kampamba alikonda, lakini aliongoza katika biolojia. Alikuwa na mkono mwepesi. Daktari Namasiku, mwalimu wetu wa somo hilo, aliwahi kumwinua chura aliyepasuliwa na Kampamba na kuwaonyesha wengine jinsi mishipa ilivyobaki mizima.

Kisha Kabaso akafa. Kifua.

Nilikwenda Luanshya pamoja na Kampamba, na si kwa kumsindikiza tu. Msiba wa Mbemba bila Mngoni haujakamilika. Nilivaa kofia ya chuma ya marehemu, nikajilaza mbele ya gari lililobeba jeneza, nikagoma kuondoka mpaka nipewe kuku, nikasema huyu fundi alikuwa anashusha watu kila siku na leo ni zamu yake, msimbanie. Wanawake walicheka huku machozi yakiwatoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani: kuwafanya waliofiwa wapumue.

Mama wa marehemu hakucheka. Watu wote walimwita Mama Kabaso, hata wajukuu zake, na sikuwahi kusikia jina lake la usichana. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo wima, na kwa Kampamba alikuwa bibi wa utani: akimwita "mume wangu," akimuuliza lini atamletea mke mwenza. Siku ile alikaa kwenye mkeka akimtazama Kampamba tu, kama fundi wa nguo anavyomtazama mtu anayetaka kumpima.

Baada ya maziko wazee wa ukoo walikaa. Wabemba hawaachi jina liende na mtu. Lazima apatikane wa kulikalia, vinginevyo marehemu hana pa kuingia, na asiye na pa kuingia huingia popote. Wajomba wakubwa walikuwa wamekufa wote. Jina likamwangukia Kampamba.

Walimkalisha mkekani uani, jua likiwa kali. Mama Kabaso akamshikisha upinde wa marehemu, akamnywesha maji kwa kibuyu. Alipomaliza kunywa, watoto wa Kabaso waliletwa mmoja mmoja. Wakapiga magoti, wakamwita baba. Mkubwa wao alikuwa na ndevu kumshinda.

Bibi akashika kidevu cha Kampamba. "Mwanangu," akasema. "Umerudi."

Sikusikia tena akimwita mume wangu.

Tuliporudi chuoni nilidhani yameishia mkekani. Nimelelewa kuheshimu mila za watu na nilijua kwamba mrithi hubeba jina kama mtu anavyobeba koti la mwenzake: siku za sherehe, siku za ukoo. Lakini Kampamba alirudi na buti za marehemu. Zilikuwa kubwa. Baada ya majuma machache sikuzisikia tena zikipwaya.

Alianza kukunja mikono ya shati mara mbili, juu kidogo ya kiwiko. Alianza kukohoa kabla ya kusema. Aliacha kunitania. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimwita mla nyani naye akanitazama kwa upole, akasema, "Kijana, masomo yanaendaje?"

"Kijana nani? Tumezaliwa mwaka mmoja!"

Akatabasamu kama mtu anayevumilia kelele za watoto.

Katika uchoraji akawa hashikiki. Alichora magurudumu, kamba za chuma na mashimo ya mgodi bila rula, kwa mistari iliyonyooka. Mwalimu wa somo akamwambia hajapata kuona mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye mkono ule. Kampamba akamjibu, "Ni mazoea ya miaka mingi, bwana mkubwa."

Na katika biolojia, asubuhi moja tukiwa tumemlaza sungura kwenye ubao, aliweka kisu chini.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kabaso hapendi damu."

"Kabaso ndiye anayefanya zoezi?"

Alikwenda dirishani akasimama ametupa mgongo mpaka kipindi kikaisha. Nilipasua peke yangu, vibaya, na Daktari Namasiku akapita, akatazama ubao, akatazama dirishani, akaenda zake.

Nilimng'ang'ania. Nilimkumbusha pazia la zahanati. Nilimwambia hivi: kama moyoni ameamua uhandisi, sawa, nitafurahi naye, lakini aamue yeye. Siku hizo niliamini, na hata leo naamini, kwamba mtu akipewa nafasi ya kusimama kwenye njia panda kwa miguu yake mwenyewe, atachagua vyema. Kampamba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye kalenda yangu, iliyokuwa bado imebandikwa ukutani.

"Huyu kijana alichora vizuri," akasema. "Ila shimo moja halina milango miwili."

Hata hivyo alikwenda kwenye mtihani wa biolojia. Nilimwamsha mimi, nikamfunga hata kamba za buti. Njiani alitembea polepole, akiwaitikia kwa kichwa wafagiaji na walinzi kama msimamizi anayekagua zamu. Ndani ya ukumbi alikaa safu ya mbele yangu. Niliona kisogo chake tu. Aliandika bila kuinua kichwa, na mara mbili nilisikia kile kikohozi.

Mitihani ilipokwisha tukaitwa ofisini kwa Daktari Namasiku. Alifunga mlango mwenyewe.

"Karatasi hii ina namba ya Kampamba," alisema. "Jina lililoandikwa ni Kabaso. Hilo moja. La pili, huu si mwandiko wake. Nimesahihisha kazi zake mwaka mzima." Akaigeuza tuione. Herufi zilikuwa kubwa, za pembe, zimelalia kushoto, kama zinavyoandikwa kwenye kibao cha zamu mgodini. "La tatu ndilo linaloninyima raha. Majibu ni mazuri mno. Kwa hiyo nauliza: ni nani aliyefanya mtihani huu?"

"Kabaso," akasema Kampamba.

"Nilikuwa nyuma yake, mwalimu," nikadakia. "Ni yeye mwenyewe alikaa pale!"

"Sijakuuliza wewe, Shawa." Akamgeukia tena, sauti imeshuka. "Sikiliza. Anayemfanyisha mtu mwingine mtihani wake anafukuzwa chuo. Hapotezi biolojia peke yake, anapoteza vyote. Nitaita kikao Ijumaa. Njoo na mzee wa kwenu anayekutambua. Useme wewe ni nani. Ni hilo tu ninalokuomba."

Aliyekuja ni Mama Kabaso. Alishuka kwenye basi la Luanshya na kikapu cha karanga, kitenge kimekazwa kiunoni, akakataa kushikwa mkono. Kikaoni alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Mezani alikuwa Daktari Namasiku pamoja na mzee mmoja wa ofisi ya taaluma, na mbele yao jagi la maji na bilauri. Mimi niliruhusiwa kama shahidi niliyeishi naye.

"Jina lako, kijana?" mzee wa taaluma akauliza.

"Kabaso."

"Kabaso yupi?"

"Wa lifti."

Daktari Namasiku akashusha pumzi. "Mama, wewe ndiye mkubwa wake. Huyu ni nani?"

"Ni mwanangu Kabaso," akajibu bibi. "Nimemzaa mwenyewe, mvua inanyesha."

"Nimeambiwa Kabaso alifariki."

"Alifariki. Kisha akakaa hapo unapomwona."

"Mama, hata mimi nina kwetu. Barotse nako watu wanapewa majina ya waliotangulia, silicheki jambo hilo. Lakini chuo hakina kwao. Chuo kinamjua mtu mmoja kwa namba moja. Aseme, 'Mimi ni Kampamba, niliandika jina la mjomba kwa sababu ya msiba,' nami nafunga jalada hili sasa hivi."

Kampamba alifungua mdomo. Jasho lilimtoka kwenye nywele likashuka mpaka kwenye kola, na hakuna kilichotoka.

"Hawezi," alisema bibi, wala hakuwa na furaha ya kulisema. "Ameshakunywa. Akimkana Kabaso, Kabaso anakufa mara ya pili, na kifo cha pili hakina mrithi. Mnataka mwanangu aende wapi?"

Mzee wa taaluma akavuta kalamu. "Basi kanuni inasema..."

Hapo nikaweka mikono kichwani nikapiga ukemi wa msibani, nikimwita mama.

"Mayo! Mayo! Kampamba amekufa!"

Nikajitupa sakafuni. Mzee akaruka kutoka kwenye kiti. "We kijana, una wazimu?"

"Mwacheni," akasema Daktari Namasiku, akinitazama kwa makini. "Mwache, mzee."

"Mtani wangu amekufa sikuambiwa!" nikalia. "Wabemba wachoyo nyinyi, mmezika mtu kisirisiri ili Mngoni asipate kuku! Bibi! Kuku wangu yuko wapi?"

"Nyamaza, mla panya," bibi akasema. "Hakuna aliyekufa."

"Hakuna? Basi niletee Kampamba! Huyu si umesema ni Kabaso, umemzaa na mvua? Sawa. Nimekubali. Shikamoo, mjomba. Sasa yule mwingine yuko wapi? Yule mume wako, aliyeondoka kwenu kwenda kujifunza kifua cha watu? Amekufa lini? Kaburi lake liko wapi nikalale juu yake?"

"Nimesema nyamaza."

"Nani amenywa maji yake? Upinde wake kashikishwa nani? Mmemrithisha mmoja mmemwacha mwingine anazurura! Na huyu mjomba, biolojia kaisoma wapi? Huko chini shimoni? Nani kamjibia maswali kama Kampamba hayumo?"

Bibi alikuwa amekasirika. Lakini mtani hakasirikiwi, na anachouliza mtani msibani lazima kijibiwe. Anayelijua hilo kuliko wote ni mzee kama yeye. Nikabaki nimekaa sakafuni, machozi ya kweli yananitoka kwa sababu wakati nikisema yale nilikuwa nimeanza kuyaamini.

Bibi akamgeukia mjukuu wake. Alimtazama kuanzia zile buti kwenda juu, polepole, na nilimwona akifika usoni na kutafuta.

"Mume wangu?" akaita, kwa sauti ndogo.

Kampamba akaanza kulia. Alilia kama mtoto, bila kujifunika uso.

Bibi akainuka. "Maji yaliyonywewa hayarudi kisimani," akasema, na sijui alikuwa akimwambia nani. "Yanaweza kuhamia chungu kingine. Mimina."

Kampamba akamimina maji ya jagi kwenye bilauri, akapiga magoti, akampa kwa mikono miwili. Bibi akanywa yote. Alipomaliza aliigeuza bilauri tuone kwamba haikubaki hata tone, akaiweka mezani mbele ya Daktari Namasiku.

"Sasa andika," akamwambia Kampamba.

Akaandika jina lake. Mwandiko ulikuwa ule wa zamani, mdogo, unaokimbia. Daktari Namasiku aliulinganisha na kazi zake za mwaka, akafunga jalada. Karatasi ile ya biolojia ilihesabiwa. Na majina ya waliochaguliwa yalipotoka, Kampamba alikuwa na alama za kuingilia mlango wowote aliotaka. Lakini alikuwa ameshachagua kabla ya majina kutoka, siku ileile ya kikao, stendi.

Tulimsindikiza bibi sisi wawili. Kampamba alitembea kwa viatu vya raba, buti amezibeba mkononi, na njia nzima alinitukania ukoo wangu, na mimi nilifurahi hata sikujibu. Bibi alitangulia. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi yake. Ndani ya basi hakukaa na wanawake waliokuwa wamejipanga na mizigo yao. Alikwenda mbele, akakaa karibu na dereva, magoti ameyapanua chini ya kitenge kama mwanamume aliyechoka kazini.

"Bibi," Kampamba akaita dirishani.

Hakugeuka.

"Bibi! Safari njema!"

Alikuwa anatazama mbele, anaisikiliza injini kwa makini sana.

Kampamba alinitazama. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini alikuwa ni yeye, na woga aliokuwa nao ulikuwa wake. Akazipitisha buti dirishani.

"Mjomba," akasema.

Mama Kabaso akageuka mara moja, akazipokea.

"Mjomba, kuna jambo sikukuambia. Sitaki uhandisi. Nimechagua udaktari."

Alimtazama muda mrefu. Hapakuwa na hasira usoni mwake.

"Nani amekuruhusu?" akauliza.

Basi likaanza kuondoka. Kampamba akaanza kutembea kando yake, kisha akakimbia, akigongagonga bati kwa kiganja, akijibu kwa sauti ya juu mpaka wauza mayai wakasimama kumtazama, na alikuwa bado anajibu basi lilipokata kona kuelekea barabara ya kaskazini.